Kitanda, kituo au makazi: jinsi ya kuitumia kambi ukiwa safarini

Anayeanza safari za hema huniuliza kwanza, "Ninunue hema gani?" Nikimjibu anaongeza, "Na kambi nzuri ni ipi?" Swali la tatu huja baada ya safari, kwa sauti ya chini: "Mbona nimerudi nimechoka kuliko nilivyoondoka?" Maswali haya yamenijia mara nyingi mno, kwa hiyo nimeamua kuyajibu mahali pamoja, nami nipumzike.

Majibu yote matatu yanategemea jambo moja ambalo wengi hawaliwazi kabla ya kufunga mizigo: hiyo kambi unakwenda kuitumia kama nini? Wasafiri wawili wanaweza kulala uwanja mmoja, milango ya mahema yao ikitazamana, na kila mmoja akawa na safari yake tofauti kabisa. Mmoja amefika jua likielekea kuzama, analala, na kabla umande haujakauka ameshatoweka. Mwenzake yuko siku ya tano pale, ameshatundika kamba ya kuanikia nguo na watoto wa jirani wanamwita kwa jina. Nafasi inayomfaa wa kwanza itamkera wa pili, na mizigo ya wa pili ingemvunja mgongo wa kwanza.

Katika mwongozo huu, "kambi" ni eneo zima unalolipia kulala, na "kiwanja" ni kile kipande chako cha kupigia hema au kuegesha gari.

## Ujue mtindo wako

Kulala na kupita. Kambi ni kitanda. Unasafiri kila siku, kwa gari, pikipiki, baiskeli au miguu, na usiku unatafuta mahali salama pa kulaza ubavu. Si mtindo mpya: mwaka 1901 fundi cherehani wa Uingereza aitwaye Thomas Hiram Holding alianzisha chama cha watu waliosafiri kwa baiskeli huku wamefunga mahema na vyombo vya kupikia juu yake. Ukitaka kujua kama kitu kinafaa kwa mtindo huu, jiulize kama wale jamaa wangekibeba. Uzuri wake ni kwamba unaona mengi. Ubaya wake ni kusimika na kukunja, kusimika na kukunja, na kufikia usiku wa nne au wa tano hata watu wapole huanza kujibizana kwa ukali juu ya kigingi kimoja kilichopotea.

Kituo. Unapiga hema mahali pamoja usiku tatu hadi saba. Asubuhi unatoka na mzigo mdogo, jioni unarudi, na hema linakusubiri. Anayeanza namshauri aanzie hapa, kwa sababu anasimika mara moja tu na makosa ya siku ya kwanza ana muda wa kuyarekebisha. Kosa kubwa la mtindo huu ni kuchagua kambi kwa uzuri wake halafu ukagundua kila unachotaka kuona kiko mwendo wa saa moja na nusu. Siku tano za kwenda na kurudi ni saa kumi na tano barabarani. Kwa kadiri yangu, ikizidi dakika arobaini na tano kufika mahali utakapokwenda mara nyingi zaidi, tafuta kambi nyingine.

Makazi. Hapa kambi ndiyo safari yenyewe. Umekuja kukaa wiki, wiki mbili, wengine msimu mzima. Hema ni kubwa la kusimama wima, au ni karavani (nyumba ndogo inayovutwa na gari), na kuna meza, viti na turubai la kivuli. Kwenye mtindo huu majirani wana uzito kuliko mandhari. Ulizia mapema kikomo cha siku, kwa kuwa kambi nyingi za umma haziruhusu mtu kukaa mfululizo bila mwisho, na kikomo cha siku 14 ni cha kawaida.

Mchanganyiko. Wanaosafiri kwa miezi huishia hapa, wapende wasipende. Wanalala usiku kadhaa kwenye kambi za porini zisizo na kitu zaidi ya ardhi na pengine choo cha shimo, kisha usiku mmoja au miwili kwenye kambi yenye huduma zote: maji ya moto, umeme, sehemu ya kufulia. Siku hiyo haina utalii. Ni ya kufua, kuchaji, kujaza maji, kushona kilichochanika na kulala mchana. Iandike kwenye ratiba kama unavyoandika siku ya kupanda mlima, maana usipoipanga itajipanga yenyewe kwa homa.

Wako pia wanaoingia kambini bila kulala: kuoga, kujaza maji, kumwaga taka za choo cha gari. Kambi nyingi zinaruhusu kwa ada ndogo ukiomba mapokezi. Ukiingia kimyakimya ukaoga ukaondoka, unamharibia anayekuja nyuma yako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Hivi ni vya lazima kwa kila mtindo:

- Hema lenye turubai la juu linalofika karibu na ardhi. Lililoandikwa "watu wawili" huwatosha wawili wakiwa wamelala tu. Ukitaka na mizigo iwe ndani, ongeza mtu mmoja kwenye hesabu.
- Godoro la kulalia, la povu au la kujaza upepo. Magodoro mengi huandikwa namba ya R inayoonyesha uwezo wa kuzuia baridi ya ardhi. Chini ya 2 ni la joto, 2 hadi 4 linafaa usiku wa ubaridi wa kawaida, zaidi ya 4 ni la baridi kali.
- Mfuko wa kulalia au mablanketi.
- Tochi ya kichwani kwa kila mtu. Kila mtu, narudia. Tochi moja ya familia huwa chooni na mtu mwingine kila unapoihitaji.
- Vigingi vya akiba, kamba mita kumi, nyundo ndogo.
- Jiko la gesi, kiberiti viwili vilivyowekwa mahali tofauti.
- Maji: hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupika, na zaidi kukiwa na joto.
- Kisanduku cha huduma ya kwanza.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu, na pawabenki iliyojaa.

Anayelala na kupita aishie hapo. Mwenye kituo aongeze begi dogo la mchana, kiti na turubai la kivuli. Mwenye makazi abebe anachotaka, lakini asisahau waya mrefu wa umeme na ndoo mbili. Ndoo ya kwanza itafua, ya pili itasuuza, na zote mbili zitakuwa viti vya wageni.

## Hatua kwa hatua

1. Andika mtindo wa kila usiku. Chukua karatasi, orodhesha usiku wote wa safari, na mbele ya kila usiku andika neno moja: kitanda, kituo au makazi. Ukiona "kitanda" imejipanga mara tano mfululizo, katikati yake weka usiku wa pili kwenye kambi moja. Kazi hii ya dakika kumi itakuambia mapema unahitaji hema jepesi la kusimika haraka au hema pana la kukaa, na swali la "ninunue hema gani" litakuwa limejijibu nusu.

2. Panga siku kuanzia mwisho wake. Angalia jua linazama saa ngapi huko uendako. Rudi nyuma muda wa saa mbili: huo ndio wakati wa kuwa umefika. Kisha toa muda wa njiani, na uuongeze robo nzima kwa ajili ya mafuta, chakula na kupotea. Unachopata ni saa ya kuondoka. Wengi hupanga kinyume, wanaanza na saa ya kuamka, ndiyo maana wanafika gizani.

*Tahadhari:* kusimika hema gizani mahali usipopajua ni kujipalia makaa. Niliwahi kufanya hivyo, nikafurahia kupata ardhi laini na tambarare kabisa. Saa tisa usiku mvua ilinionyesha kwa nini ilikuwa laini na tambarare: nilikuwa nimelala ndani ya dimbwi lililokauka.

3. Piga simu kambini kabla ya kwenda. Tovuti huonyesha picha za siku nzuri. Simu inakupa ukweli. Uliza haya: Mapokezi hufungwa saa ngapi, na nikichelewa naingiaje? Maji ya bomba yanafaa kunywa? Kiwanja ni nyasi, mchanga au changarawe? Moto unaruhusiwa msimu huu? Kimya kinaanza saa ngapi? Saa ya kuondoka ni ipi?

Kisha ongeza maswali ya mtindo wako. Wa kulala na kupita aulize kama anaweza kulipa usiku uleule na kuondoka kabla mapokezi hayajafunguliwa. Wa kituo aulize kama kuna mtu anayeangalia uwanja mchana. Wa makazi aulize kuhusu umeme, sehemu ya kufulia, na hasa kama kuna sherehe au kundi kubwa litakalokuja siku hizo.

Wikiendi na sikukuu usiende bila nafasi. Siku za kazi, nje ya msimu, mimi huacha nafasi wazi ili niweze kubadili njia.

4. Ulale kwanza nyumbani. Simika hema uani, au popote penye nafasi, limwagie maji ya mpira juu kwa dakika kumi, uingie ndani utazame mishono. Halafu lala humo usiku mmoja. Utagundua godoro linavuja, fito moja haipo, na mto ni kitu cha maana kuliko ulivyodhani. Ni afadhali ugundue hayo hatua ishirini kutoka kitandani kwako.

5. Ukifika, shuka utembee. Hapa ndipo usiku mzuri na mbaya hupishana, na hapa ndipo wageni wana haraka zaidi. Usiteremshe mzigo hata mmoja. Zunguka viwanja vilivyo wazi kwa miguu, dakika kumi tu, ukitazama:

*Juu.* Tawi lililokauka haliko salama hata siku isiyo na upepo. Mti mzima wenye kivuli ni neema kwa mwenye makazi, ila ukumbuke baada ya mvua utaendelea kudondosha matone saa nzima baada ya mbingu kunyamaza.

*Chini.* Tafuta alama za maji: udongo laini wenye nyufa, takataka ndogo zilizojipanga mstari, nyasi zilizolala upande mmoja. Maji yalipita hapo, na yatapita tena. Tafuta pia sisimizi. Tafuta mwinuko mdogo wenye mteremko hafifu, ulale kichwa kikiwa juu. Mteremko wa ubavuni ni mbaya kuliko wote, maana wawili mtalala mkibingirikiana hadi asubuhi.

*Bondeni au juu.* Hewa baridi ni nzito, na usiku hutiririka kwenda mabondeni. Kupanda mita chache tu kutoka ukingo wa mto kunaweza kukupa usiku wa joto zaidi, na mbu wachache.

*Majirani.* Choo cha karibu kinaonekana ni bahati hadi saa nane usiku, mlango ukijibamiza kwa mara ya ishirini. Anayelala usiku mmoja anaweza kuvumilia. Mwenye makazi akae hatua hamsini au zaidi, upande upepo unakotokea. Epuka pia taa kubwa (wadudu), njia ya mkato ya kwenda bafuni (miguu na tochi), na jenereta.

*Jua la asubuhi.* Wa kulala na kupita anataka jua limpige mapema likaushe umande kabla hajakunja. Wa makazi anataka kivuli, kwa sababu ifikapo saa tatu hema lililo juani ni tanuri. Kiwanja kilekile, hukumu mbili.

6. Simika hema. Tandika turubai la chini kwanza, na uhakikishe halichomozi nje ya ukingo wa hema hata kidogo. Likichomoza litakinga mvua na kuipeleka chini ya mgongo wako. Hili ni kosa ninaloliona karibu kila kambi. Geuza upande mwembamba wa hema ukabili upepo, mlango uangalie kwingine. Piga vigingi vikiwa vimeinama, kichwa cha kigingi kikielekea mbali na hema. Funga kamba zote za kukazia hata kama anga ni safi. Hema la nailoni hulegea likilowa, kwa hiyo kabla ya kulala zunguka ukaze tena.

7. Jiko likae nje. Usipike wala kuota moto ndani ya hema. Jiko la gesi na mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na watu wamekufa usingizini kwa kuingiza ndani makaa waliyodhani yamezimika. Mvua ikinyesha, kula vitu vikavu.

Chakula, dawa ya meno na sabuni yenye harufu vilale garini au kwenye sanduku la kambi kama lipo. Chakula kinachoharibika kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili. Kwenye sanduku la barafu, donge moja kubwa hudumu kuliko vipande vidogo vingi.

Kama maji ya kambi hayafai kunywa, yachemshe yatokote dakika moja kamili. Ukiwa juu ya mita 2000 kutoka usawa wa bahari, dakika tatu.

8. Tayarisha usiku kabla ya giza. Tandika kitanda, weka tochi na viatu mahali utakapovipapasa, jaza chupa ya maji. Fungua matundu ya hewa, hata kama kuna baridi. Nguo za kulalia ziwe kavu na zisiwe zile ulizoshinda nazo. Kambi nyingi huanza kimya saa nne usiku, na milango ya gari ikibamizwa baada ya hapo husikika uwanja mzima.

9. Mchana, kila mtindo na kazi yake. Wa kulala na kupita hana mchana kambini, asome hatua ya kumi.

Wa kituo: kila unapotoka, chukulia kuwa dhoruba itapiga ukiwa mbali. Teremsha turubai la kivuli, funga zipu zote, acha matundu ya juu. Usiache kitu cha thamani ndani. Kufuli ndogo kwenye zipu humwambia mwizi tu kwamba kuna kitu, na kitambaa kinakatwa kwa kisu. Mwambie mtu wa mapokezi unakwenda wapi na unatarajia kurudi lini. Hili la mwisho watu hulidharau hadi siku mtu asiporudi.

Wa makazi: nyasi zilizo chini ya hema hufa, kwa hiyo sogeza hema kila baada ya siku chache kama kiwanja kinaruhusu. Jua kali la wiki nyingi hudhoofisha kitambaa cha hema, kwa hiyo kivuli kinalinda pesa zako. Ukitumia waya wa umeme wa kuzungushia kwenye gurudumu, ufungue wote hata kama unahitaji mita mbili. Uliozungushwa ukiwa kazini hupata moto, na unaweza kuyeyuka. Na msalimie jirani siku ya kwanza. Atakuwa ndiye anayeshika hema lako upepo ukija, nawe uko sokoni.

Kwa wa mchanganyiko aliye porini pasipo choo: chimba shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji, njia na kambi. Fukia vizuri. Karatasi rudi nayo kwenye mfuko uliofungwa.

10. Ondoka. Anza na vilivyo ndani, hema liwe la mwisho kukunjwa. Likiwa bichi, lifunge kwenye mfuko wake peke yake, na ulianike mchana mkisimama kula. Hema likikaa siku mbili tatu likiwa bichi huota ukungu, na utando wake wa kuzuia maji huanza kunata na kunuka. Kama uliwasha moto, mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena, kisha weka mgongo wa mkono karibu, halafu ugusie. Kama bado kuna joto, hujamaliza. Mwisho tembea kiwanja kizima ukiangalia chini. Mimi hupata kigingi kimoja kila mara, na si lazima kiwe changu.

## Mambo yakienda kombo

Ndani kumelowa na mvua haikunyesha. Ni pumzi zenu zilizogeuka matone kwenye kitambaa baridi. Fungua matundu zaidi, toa nguo mbichi nje, na usiguse kuta. Kama kila asubuhi ni hivyo, umesimika karibu mno na maji au bondeni.

Baridi inatoka chini. Blanketi la pili juu halitasaidia. Ongeza kitu chini ya mwili: povu, nguo, hata maboksi ya karatasi. Na kabla ya safari nyingine angalia kimo cha kambi: kila ukipanda mita 1000, joto hupungua takriban nyuzi 6.

Jiko linafifia kwenye baridi. Gesi ya butani haigeuki mvuke vizuri joto likikaribia nyuzi 0. Nunua mtungi wenye mchanganyiko wa propani, au weka mtungi ndani ya mfuko wa kulalia kabla ya kupika. Usiupashe kwa moto.

Vigingi havishiki. Kwenye mchanga, jaza mfuko mchanga, ufunge kamba na uufukie. Kwenye mwamba, funga kamba kwenye jiwe kubwa, au kwenye jiwe dogo ulilolikandamiza kwa kubwa.

Fito imevunjika. Weka kigingi kama gango kwenye sehemu iliyovunjika, uzungushie utepe mgumu wa gundi. Si maridadi, lakini imenifikisha nyumbani.

Zipu imekwama. Mara nyingi ni mchanga. Sugua kwa mswaki, pakaza sabuni kavu au nta ya mshumaa. Kama meno yanaachana nyuma ya kishikio, kibane kidogo kwa koleo, pande zote mbili, taratibu.

Radi. Hema halikukingi. Ingia kwenye gari lenye bodi ya chuma au jengo, ukae humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Jirani anapiga muziki. Nenda mwenyewe kwanza, kwa upole, kabla hujakasirika. Wengi hawajui sauti inafika wapi. Asiposikia, waachie mapokezi. Ukiwa wa kulala na kupita, omba tu kiwanja kingine, kwa sababu usiku wako ni mmoja na hauna muda wa kufundisha mtu adabu.

Umefika, kambi imejaa. Omba kwa heshima kama kuna pembe ya dharura, hasa ukiwa kwa baiskeli au miguu. Hema dogo hupata mahali. Kwa mwenye gari, kila usiku awe na jina la kambi ya pili lililoandikwa kabla ya kuondoka asubuhi.

Siku ya tatu, na umegundua mtindo ulioupanga haukufai. Usimalize ratiba kwa sababu tu uliiandika. Piga simu kambi inayofuata ufute nafasi kabla saa ya kufuta haijapita, nenda mapokezi ya hapo ulipo, uongeze usiku mmoja. Kisha tundika kamba ya kuanikia.